Upya wa Jibini Si Usalama Wake
Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, madonge ya jibini changa huliwa kwa vidole, wakati mwingine yangali na uvuguvugu wa kiwandani. Maziwa hugandishwa kwa bakteria na kimeng'enya, hukatwa, huchujwa maji, kisha hutiwa chumvi. Donge jipya hulia chini ya meno. Baada ya siku moja au mbili mlio hufifia. Kwa hiyo wenyeji hupima upya wa jibini kwa mlio, wala hawakosei.

Hata hivyo, upya si usalama. Jibini la leo lililotokana na maziwa mabichi laweza kubeba bakteria wa Listeria, ambao huweza kuharibu mimba. Basi mhudumu wa afya asianze kwa kumkataza mjamzito kitafunwa cha kwao. Amuulize kwanza kama maziwa yalipashwa joto ipasavyo, mathalani nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15. Mwenye shinikizo la damu naye aelezwe kiasi, kwa kuwa chumvi imo ndani ya donge. Marufuku isiyo na maelezo huzaa ulaji wa siri, na mgonjwa anayekula kwa siri hashauriki.