Usiombe picha ya gari iliyooshwa, omba picha ya stiki ya oili

Kila mmoja wetu aliyenunua gari nyumbani ana ile picha kwenye simu. Gari imeoshwa, tairi zimepakwa dawa zinang'aa, mdogo wako ameegemea boneti anacheka. Unaionyesha kwa wenzako chumbani, wanakupongeza. Mimi nilikuwa nazo picha kama hizo kumi na kitu, na gari ilikuwa inakufa ndani kwa ndani.

Niko Muscat, kazi za ndani. Niliweka rial 50 kila mwezi kwa karibu miaka 3 mpaka nikapata kama milioni 11 za kitanzania, nikanunua Toyota IST ya mkononi. Mdogo wangu akawa anafanya nayo teksi pale Tanga. Hesabu shilingi 20,000 kwa siku, Jumapili yake. Miezi 7 ilienda vizuri. Mwezi wa 8 wakakodi gari kwenda msibani Lushoto. Pale unapoanza kupanda kutoka Mombo, mshale wa joto ukapanda nao. Abiria wanasema tutachelewa maziko, naye akakaza mwendo. Hawakufika Soni.

Fundi alipofungua, silinda hedi imepinda, gasketi imeungua, oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa kwa sababu maji yameingia humo. Injini nyingine ya mtumba pamoja na ufundi, milioni 1.8. Na chanzo? Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa na ufa. Mpira wa shilingi 15,000! Kila asubuhi alikuwa anaona maji yamepungua, anajaza ya bomba, anaondoka. Hakuona kama ni tatizo, maana maji si yapo?

Nilimtukana sana. Baadaye nikakaa nikajiuliza: katika miezi ile 7, mimi niliuliza nini? Kila jioni niliuliza kitu kimoja tu, hesabu iko wapi. Siku aliyosema anataka kumwaga oili nikamwambia subiri wiki ijayo, nina ada ya mtoto. Wiki ijayo haikufika. Kwa hiyo wale mnaosema ndugu wanatuangusha, ni kweli, lakini na sisi tunawabana mpaka hela ya oili inakuwa kama wizi. Dereva anayelipa 20,000 kila siku bila kukosa, na hakuna siku hata moja ameomba hela ya sevisi, huyo ndiye wa kumwogopa.

Sasa hebu tuongee hayo maji, maana hapa ndipo wengi tunaliwa. Wewe unayeosha birika za watu unajua ule ukoko mweupe unaobaki chini. Maji ya bomba yakichemka ndani ya injini yanafanya hivyo hivyo, tena kwenye vijia vyembamba vya rejeta, na yanaleta kutu. Kulanti inazuia kutu na inachelewa kuchemka kuliko maji matupu. Kama si ile iliyokwisha changanywa kiwandani, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea kwenye betri. Maji ya bomba ni ya dharura tu, ufike kwa fundi. Na kulanti haitakiwi kupungua kila siku. Ikipungua, kuna mahali inatoka, usijaze ukanyamaza.

Inakaguliwa asubuhi injini ikiwa ya baridi, kwenye kile kidumu cha plastiki chenye mistari miwili. Gari ikichemsha njiani, simama, zima, subiri ipoe kabisa. Kufungua kifuniko cha rejeta ikiwa moto ni kujimwagia uji usoni, na kumwagia injini ya moto maji baridi kunaipasua.

Oili ni hivi: gari iwe mahali tambarare, imezimwa dakika kama 10. Chomoa stiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, chomoa tena. Iwe katikati ya alama mbili. Kuzidisha nako ni kosa. Kwa teksi mimi namwaga kila kilomita 5,000 pamoja na chujio. Mtu asikwambie taa ya oili haijawaka, ile taa inawaka presha ikishashuka, injini imeanza kusagika.

Mafuta ya breki yakishuka, huenda pedi zimekwisha au kuna uvujaji, kwa hiyo fundi aangalie kabla ya kuongeza. Yabadilishwe kila miaka 2 hivi kwa sababu yanavuta unyevu wa hewani. Mtu asithubutu kuweka oili ya injini humo, inaharibu mipira na breki zinapotea. Oili ya gia mwachie fundi, ila ijulikane ni aina gani gari yako inatumia, isiwekwe yoyote iliyopo dukani.

Na nyinyi kaka zangu wa saiti mliochangiana gari ya bei poa huku huku Ghuba, ya kwenu ni ngumu zaidi. Joto la Juni na Julai, AC inavuta muda wote. Kagueni kila wiki, na mjue ni zamu ya nani, maana gari ya watu wanne haina mwenyewe.

Mimi nimeshusha hesabu mpaka 17,000. Ile 3,000 haiji kwangu, inakaa kwenye laini ya simu ya peke yake, siku 26 ni 78,000. Galoni la lita 4 na chujio ni kama 70,000, na kwa mizunguko yake anamwaga oili kila baada ya wiki 6 hivi, kwa hiyo inabaki ya pedi na mipira. Dada yangu mmoja hapa anasema nimejipunja. Labda. Kila Jumamosi kabla hajawasha napokea picha tatu: stiki ya oili, kidumu cha kulanti, na kilomita kwenye dashibodi ili nisitumiwe picha ya mwezi jana.

Jumamosi iliyopita kulanti ilikuwa chini ya mstari kwa kidole kimoja. Nilimpigia hapo hapo, nguo za watu zikiwa bado kwenye mashine. Akainama akatafuta, akakuta klipu ya mpira imelegea. Aliikaza kwa bisibisi, akaongeza kulanti, akaenda kijiweni.