Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Anakula Wapi?



Hivi karibuni nilialikwa kwenye karamu ya jioni katika ukumbi mmoja wa huku kwetu, kwenye ukanda wa dhahabu. Meza zilitandikwa vitambaa vyeupe, meza kuu ilipambwa kwa maua, na kadi ya mwaliko ilitaja hata saa ya mgeni rasmi kuingia. Langoni walikuwapo wachezaji wa bugobogobo, majembe mikononi. Mgeni rasmi aliposhuka garini ngoma zililia, majembe yakazungushwa hewani, akina mama wakapiga vigelegele, nazo picha zikapigwa. Kisha mlango wa ukumbi ukafungwa. Ndani, kijana mwenye kompyuta akafungulia spika zake, nasi tukala huku tukipaza sauti ili tusikizane.

Saa nne usiku, nilipokuwa nikiondoka, niliwakuta wachezaji wale nyuma ya jiko. Walikuwa wamesimama, wakigawana wali uliobaki. Miongoni mwao walikuwamo wazee wawili wenye umri wa baba yangu. Niliona haya, kwa maana nilikuwa nimeketi meza kuu jioni nzima bila kuuliza wako wapi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tumeifasiri methali hiyo kuwa ni noti inayobandikwa kwenye paji la uso la mchezaji, basi. Lakini kumtunza mtu ni zaidi ya kumpa noti. Karamu ndiyo mahali ambapo jamii hutangaza, bila kusema neno, nani ni mtu na nani ni chombo. Anayeketi ni mtu. Anayeitwa, akatumika, kisha akafungiwa nje, tumemfanya chombo.

Kosa hili si letu peke yetu. Huko Ulaya, muziki wa mezani ulikuwa sanaa yenye heshima. Mwaka 1733 Telemann alichapisha mjini Hamburg mkusanyo mzima wa muziki wa namna hiyo. Hata hivyo, mara nyingi muziki uliheshimiwa kuliko mwanamuziki. Mwaka 1781 Mozart, akiwa na umri wa miaka 25, alikuwa mtumishi wa Askofu Mkuu wa Salzburg. Alimwandikia baba yake kwamba mezani aliketishwa chini ya watumishi wa chumbani, na heshima pekee aliyobakiwa nayo ni kukaa juu ya wapishi. Mwaka huohuo aliuacha utumishi ule. Sisi watu wa Kanisa tusiisome habari hiyo kana kwamba haituhusu: mwenye nyumba alikuwa askofu.

Lakini katika zama hizo hizo ulikuwapo mfano mwingine. Huko Ireland aliishi mpiga kinubi Turlough O'Carolan, aliyefariki mwaka 1738. Alipofushwa na ndui katika ujana wake, akajifunza kinubi, akawa anasafiri kwa farasi kutoka nyumba hadi nyumba. Wenyeji walimpokea kama mgeni, naye akawatungia nyimbo zenye majina yao. Leo wengi wa wenyeji hao wangekuwa wamesahauliwa kabisa kama si nyimbo zile. Aliyempa kipofu kiti hakupata hasara.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo kujifunza. Bugobogobo yenyewe ilizaliwa shambani. Wasukuma walilima pamoja kwa mdundo wa ngoma, na mwenye shamba alijua kwamba kuwalisha waliomlimia ni wajibu wake, si hisani. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement kutoka Kanada aliuthamini urithi huo wa Kisukuma kiasi cha kuufanya sehemu ya maisha ya misheni. Hadi leo jina la Bujora linatukumbusha mashindano ya Bagalu na Bagika wakati wa Bulabo, furaha inayoambatana na sherehe ya Ekaristi. Ikiwa ngoma ilikaribishwa karibu na altare, kwa nini iishie langoni mwa ukumbi wetu?

Najua majibu yatakayotolewa. Mtasema ngoma ina kishindo na ukumbi ni mdogo. Lakini Wasukuma wana wigashe pia, ngoma inayoimbwa watu wakiwa wameketi, kama wageni wenyewe walivyoketi. Mtasema kompyuta ni rahisi kuliko kikundi cha watu kumi na wawili. Ni kweli, kompyuta haili. Lakini mji uliopata mgodi mkubwa mwaka 2000 na kuwa makao ya mkoa mwaka 2012, kama Geita, hauwezi kusema kwamba umekosa sahani kumi na mbili. Tena dhahabu itakwisha siku moja, kama ilivyokwisha kule Buzwagi, ambako uzalishaji ulifikia kikomo mwaka 2021. Wimbo hauchimbwi ukaisha. Huisha pale tu kijana anapomwona babu yake akila amesimama gizani, akaapa kwamba yeye hatashika ngoma.

Basi nashauri mambo matatu, nami naanza na parokia. Kila kamati ya sherehe iandike meza ya wanamuziki katika bajeti kabla ya kuandika maua. Malipo yao yakubaliwe mapema, yakabidhiwe siku hiyohiyo. Na mshereheshaji anapomtambulisha mgeni rasmi, awataje pia wanamuziki kwa majina, kisha spika zizimwe walau kwa nusu saa, watu wale wakisikiliza.

Mtume Yakobo alikwisha kuwakaripia waliompa kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu na kumwacha maskini asimame. Huku kwetu pete hizo ni nyingi. Tuongeze viti.