Meili imedunda, eti mwanafunzi ndo mzembe!

Nilipotea kidogo, nipo nyumbani Mukendo hapa Musoma, nilikuja kufanya fildi. Leo sina stori za sangara wala upepo wa ziwa. Leo nina hasira, bora niimwage hapa.

Iko hivi. Ripoti ya fildi ilitakiwa imfikie msimamizi Ijumaa kabla ya saa sita usiku. Chuo kinasema tutumie anwani ya chuo TU. Msimamizi naye anapokelea Gmail. Nikatuma saa mbili na nusu usiku. Dakika haijaisha, ikadunda: Mailer-Daemon, kosa 550, 5.7.26. Nikapunguza picha, ikadunda. Nikaazima simu ya binamu yangu yenye laini nyingine, ikadunda! Jumatatu najibiwa kwa mstari mmoja: umechelewa, alama zinakatwa. Kujieleza, naambiwa mtandao ni kisingizio cha wanafunzi wote.

Hapo ndipo ninapokataa.

Mtandao kukatika tunaujua jamani. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, nchi ilihangaika. Lile lilikuwa tatizo la njia. Hili langu si la njia. Meili ilifika mlangoni kwa Gmail, ikakataliwa, na sababu ikaandikwa. Kosa linaloanza na 4 ni "subiri kidogo". Linaloanza na 5 ni "sipokei". 5.1.1 ni anwani haipo. Na 5.7.26 ni mtumaji hajathibitishwa.

Kuthibitishwa kukoje? Mwenye jina la mtandao anaweka kwenye DNS orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake, ndiyo SPF. Kuna na DKIM, ambayo ni kama muhuri unaogongwa kwenye kila meili. Tangu Februari 2024, Gmail inamtaka kila mtumaji awe na angalau kimojawapo, na anayetuma zaidi ya meili 5,000 kwa siku awe navyo vyote viwili pamoja na DMARC. Ni mlinzi wa geti mwenye daftari: jina lako halimo, huingii hata uvae suti.

Meili iliyorudi ilisema wazi kuwa SPF imefeli na DKIM imefeli, ikataja mpaka namba ya seva ya chuo iliyotuma. Nikakagua orodha ya chuo, maana iko wazi kwa yeyote. Seva hiyo haimo! Sasa nani wa kuiongeza, mimi? Mwanafunzi hana ufunguo wa DNS. Ni mstari mmoja wa maandishi, mtu wa tehama anaumaliza kabla chai haijapoa.

Najua wapo watakaosema ningetuma mapema. Sawa, hilo nalipokea, kusubiri siku ya mwisho ni tabia mbaya. Lakini hata ningetuma Jumanne ingedunda vilevile. Wengine watasema ningetumia Gmail yangu. Si ndo wameikataza? Huwezi kumfungia mtu mlango wa mbele, ukaziba na wa uani, halafu ukamwadhibu kwa kulala nje.

Ninachodai ni kidogo. Meili ya kukataliwa ina tarehe, saa na sababu, basi ihesabiwe kuwa ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inasema ushahidi usikataliwe eti tu kwa sababu ni wa kielektroniki. Kama mahakama inaweza kuusikiliza, idara inashindwa nini? Na hiyo orodha irekebishwe kabla wengine hawajaangukia sapu kwa kosa lisilo lao.

Na nyie wenzangu, acheni kufuta Mailer-Daemon kama takataka! Kwa sababu ni Kiingereza kirefu tunakiruka, kumbe jibu limo humo humo. Isome, itunze, ichapishe.

Mimi yangu nimeichapisha, kurasa mbili, na barua ya rufaa juu yake. Nikirudi chuoni naipeleka kwa mkono kwa mkuu wa idara na nitadai sahihi ya kupokea. Zile alama nimezitolea jasho, siziachii.

Nitawajuza kitakachoendelea. Naomba kuwakilisha.