Mchakamchaka Usiwe wa Wanafunzi Peke Yao

Kila alfajiri, katika shule nyingi nchini, watoto hukimbia mchakamchaka huku wakiimba. Kando ya mstari husimama mwalimu wa zamu, filimbi mdomoni, akiwahimiza wanaobaki nyuma. Yeye mwenyewe hakimbii. Baadaye mwalimu huyo huyo huhema akipanda ngazi za ofisi ya elimu, na humo humkuta karani aliyekaa kitini tangu asubuhi, naye akilalamikia mgongo.

Hali hiyo si ya mzaha. Shinikizo la damu na kisukari, maradhi yaliyodhaniwa zamani kuwa ya matajiri, yamekwisha kuwafikia wafanyakazi wa mishahara ya kawaida. Mtumishi anapopooza angali na nguvu za kazi, jamaa zake hupoteza mlezi, na taifa hupoteza ujuzi uliogharimiwa kwa jasho la wananchi.

Mwezi Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliagiza kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Agizo hilo lilikuwa jema. Lakini siku moja kwa mwezi huamsha ari tu, haijengi tabia. Aghalabu aliyehamasika huvaa raba, hukimbia kilomita tano kwa pupa, hurudi akichechemea, na Jumatatu huapa kutorudia. Hiyo ni nguvu ya soda.

Mwenye kuanza hana budi kuujua mwili wake. Moyo na mapafu huzoea upesi. Mifupa na kano huchelewa. Ndiyo sababu anayeongeza mwendo haraka huumia magoti na miundi hali pumzi ingalipo. Basi na aanze kwa kukimbia dakika 1 na kutembea dakika 2, akirudia hivyo kwa muda wa dakika 20, siku 3 kwa wiki, na kupumzika baina ya siku hizo. Kipimo cha kasi ni mazungumzo: asiyeweza kutamka sentensi nzima apunguze mwendo. Mwenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu au kisukari amwone daktari kwanza.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate kila wiki angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani, au 75 za mazoezi ya nguvu. Atakayefikia kukimbia dakika 25 mara tatu kwa wiki amekwisha kutimiza kiwango hicho.

Tabia nayo hujengwa kwa kurudia jambo lile lile, saa ile ile. Utafiti wa University College London uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa watu walihitaji wastani wa siku 66 kuzoea jambo jipya. Wengine siku 18 tu, na wengine walikadiriwa kuhitaji 254. Ulionyesha pia kwamba kukosa mara moja hakuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Kwa hiyo aliyezuiwa na mvua au msiba asikate tamaa. Arudi siku inayofuata.

Wapo watakaosema hawana nafasi. Kwa akina mama wengi hilo ni kweli, kwani alfajiri huwakuta jikoni. Waume hawana budi kushika sehemu ya kazi hiyo. Wakuu wa ofisi nao waache kuitisha vikao vya jioni visivyo vya lazima, na viwanja vya shule vifunguliwe kwa wafanyakazi.

Septemba 2025 Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, taifa lilishangilia, na lilistahili kushangilia. Lakini vigelegele haviteremshi shinikizo la damu. Kesho alfajiri, watoto watakapoanza kuimba, mwalimu wa zamu na aingie mstarini.