Mtoto akitunza maandishi ya mama, asiyachuje

KUTOKA BONDENI
Na Restituta Sichalwe, Milepa

Mwaka 1937 mzee mmoja aliyekuwa akiishi London alikabidhi vitabu na karatasi zake kwa Taasisi ya Mashariki mjini Leiden, Uholanzi. Jina lake Rudolph Said-Ruete. Ndani ya mzigo ule yalikuwamo maandishi ya mama yake, aliyefariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Mama huyo ndiye Bi Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, Sultani wa Unguja.

Bi Salme alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Enzi zile watoto wa kike wa jumba la Sultani walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika walikatazwa. Yeye akajifundisha kwa siri. Alichukua mfupa mpana wa bega la ngamia, akachovya kalamu katika wino, akawa ananakili herufi za msahafu moja baada ya nyingine mpaka mkono ukazoea. Mwanzoni hakuwa na mwalimu. Kila nikifika hapo kwenye simulizi yake nasimama kidogo, maana vitabu vyote vilivyofuata vilianzia juu ya mfupa ule.

Mwaka 1866 alitoroka Unguja akiwa mja mzito, akafunga ndoa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, wakahamia Hamburg. Miaka michache baadaye, 1870, mume akafa kwa ajali ya tramu. Bi Salme akabaki ugenini na watoto watatu wadogo, kipato kidogo na lugha ya kujifunza. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani. Aliandika pia barua ndefu alizozielekeza kwa rafiki aliyebaki kwao, akieleza baridi, upweke na udhia wa kutazamwa kama kitu cha maonyesho. Hizo hazikuchapwa maishani mwake.

Rudolph, aliyezaliwa 1869, alianzia jeshini Ujerumani, kisha akafanya kazi Misri, kwenye reli na baadaye benki. Jina la babu aliliunganisha na la baba yake. Mwaka 1929 akatoa kitabu cha historia ya Sayyid Said, babu ambaye hakumwona, kwani Sultani alifia baharini 1856. Dada yake Antonie naye alishika kalamu. Mwaka 1907 alitoa kitabu cha mapishi ya nchi za joto, na mimi nakihesabu humo humo katika urithi wa mama yao. Lakini kazi kubwa ya Rudolph ni ile ya kukusanya, kuweka na kukabidhi. Mwaka 1993 mtaalamu wa Leiden, E. van Donzel, alitoa kwa Kiingereza kumbukumbu zile pamoja na barua, nyongeza na maandiko mengine ya Bi Salme. Mtunzi alikuwa amelala kaburini karibu miaka 70.

Msomaji wa Sumbawanga ataniuliza: sisi wa Ufipa yanatuhusu nini mambo ya binti wa Sultani? Yanatuhusu sana. Katika kitabu chake Bi Salme aliandika sura ya utumwa, na humo anautetea. Anawasema watumwa kwa maneno ambayo mtu wa bara akiyasoma kifua kinambana. Mashamba ya karafuu yaliyoilisha familia yake yalilimwa na watu waliotolewa huku bara, na misafara ya pembe na watumwa ilipita pande hizi za Ziwa Tanganyika.

Upande wa waliouzwa nao umetuachia shahidi. Mjini Sumbawanga tunayo hospitali yenye jina la Dk. Atiman. Tunakwenda kutibiwa, tunarudi, bila kuuliza alikuwa nani. Adrian Atiman alinyakuliwa akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akauzwa, akakombolewa na wamisionari wa Mapadri Weupe nchini Algeria, akasomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akatibu watu hapo mpaka alipofariki 1956. Naye alisimulia maisha yake, na simulizi hiyo ilichapwa kwa Kiingereza katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Binti wa mwenye watumwa na mtoto aliyeuzwa, wote wawili wametuachia maneno yao. Kwangu mimi mmoja hasomeki sawasawa bila mwenzake.

Mwaka 2019 uwanja mmoja mjini Hamburg ulipewa jina la Emily Ruete, jina alilolichukua Bi Salme alipobatizwa. Mwaka uliofuata uamuzi ukafutwa kwa sababu ya yale aliyoyaandika juu ya watu weusi na utumwa. Nakubaliana na kufutwa huko. Jina la uwanja ni heshima, na heshima hupimwa. Karatasi ni jambo jingine. Kama sura ile ingechanwa ili mama aonekane mzuri, leo tungekuwa na bibi mpole wa hadithi, na sisi tungekosa ushahidi uliotoka kinywani mwa nyumba yenyewe iliyowamiliki watu.

Huku kwetu bondeni pia, chini ya milima ya Lyambalyamfipa, walimu na makatekista wa zamani waliandika: nyimbo, methali za Kifipa, majina ya koo, kesi za mashamba. Mzee akifa, madaftari hubaki kwenye sanduku hadi mchwa wayafikie, au kurasa zinachanwa kufungia karanga. Na wapo watoto wasomi wanaoyasoma kwanza na kuyaondoa yale yanayowaaibisha: uganga, mke wa pili, ugomvi na paroko. Msiyaondoe. Yapigeni picha kurasa zote, hata zenye aibu, mwandike jina la mwandishi na mwaka, nakala moja ibaki nyumbani na nyingine iende maktaba au Nyaraka za Taifa. Na walimu wa historia wa sekondari zetu, anzeni na simulizi ya Atiman: wapeni wanafunzi waitafsiri kwa Kiswahili, muhula huu huu.