Udongo mzuri hauponyi mozaiki ya mihogo

Juma hili tuzungumze juu ya mihogo. Beni kwenye joto na Butembo kwenye baridi, wote tunakula fufu na sombe. Mozaiki ikiingia shambani, tunapata mizizi midogo, na chakula cha nyumba kinapungua.

Tuanze chini ya ardhi. Ndani ya mizizi ya muhogo wanaishi kuvu wadogo wasioonekana kwa macho. Hao hawaozeshi mzizi. Wanatandaza nyuzi nyembamba kuliko unywele, wanaleta maji na fosforo kutoka mbali, na muhogo unawalipa sukari. Muhogo unawategemea sana. Ndiyo maana unaweza kuzaa hata kwenye udongo uliochoka.

Je, kuvu hao wanakinga virusi? Watafiti walijaribu kwa tomati na tumbaku. Mara nyingine mmea wenye kuvu uliugua kidogo. Mara nyingine virusi viliongezeka. Haishangazi: virusi huishi ndani ya mmea na kula kwake, kwa hiyo mmea ulioshiba unaweza kuvilisha pia.

Hapo ndipo tuwe waangalifu. Muhogo uliolishwa vizuri unaweza kuonekana wenye nguvu, kumbe una virusi. Tukikata miti yake na kuwapa majirani, tunawapa ugonjwa pamoja na mbegu. Mozaiki haitoki kwenye udongo. Inaletwa na miti ya kupanda yenye ugonjwa na inzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani. Ilielezwa mara ya kwanza Tanganyika mwaka 1894. Miaka ya 1990 iliharibu mashamba mengi ya Uganda, na kilichowasaidia wakulima ni aina za mihogo zinazovumilia ugonjwa na miti safi ya kupanda.

Basi tufanye hivi:

Tunapochuma sombe, tutazame majani. Yakiwa na mabaka ya njano, yamejikunja au yamedumaa, huo mmea ni mgonjwa.

Mmea wenye majani mazuri tuufunge kamba tangu mapema. Siku ya kukata mbegu huenda majani mengi yameanguka, na itakuwa vigumu kutofautisha.

Mmea unaougua ukiwa bado mdogo tuung'oe na kuutoa shambani.

Kabla ya kupokea miti kwa jirani, tuombe kwanza kuona shamba lake.

Kuvu wa mizizi nao tuwatunze: tusiache udongo uchi, tupande maharagwe kati ya mihogo, tusilime bila sababu. Watatulishia muhogo. Kuukinga na mozaiki ni kazi ya macho yetu na mikono yetu.

Katika mkutano ujao, kila kikundi kihesabu mihogo kiliyoifunga kamba. Hiyo ndiyo mbegu ya msimu unaokuja.