Dawa Hai Isiuzwe Imekufa

Mkulima wa nyanya wa Mgeta au Lushoto hahitaji kufundishwa kinyausi. Jioni miche imesimama kitaluni, asubuhi imelala, shina limesinyaa usawa wa udongo. Uking'oa, mzizi ni wa kahawia; ukiuvuta kwa kucha, ganda linatoka na kubaki uzi mwembamba.

Tumezoea kukimbilia dawa ya ukungu, na ugonjwa ukirudi tunaongeza dozi. Ipo njia nyingine: trikoderma, fangasi wa kijani anayeishi udongoni karibu kila mahali. Mwaka 1932 mtafiti Richard Weindling alieleza jinsi anavyowashambulia fangasi wenzake wa udongoni. Hujizungusha kwenye nyuzi zao, hutoa vimeng'enya vya kutoboa kuta za nyuzi hizo, kisha huwala. Pia huwahi kukaa kwenye mzizi, wabaya wakija wanakuta nafasi imejaa.

Mbona basi wapo waliomjaribu wakaambulia patupu? Kwa sababu ni kiumbe hai na tunamuuza kama chumvi. Kifurushi kilichoanikwa dirishani miezi kadhaa, jua linakipiga kila mchana, ndani yake ni vumbi tu. Mwingine anamchanganya na dawa ya ukungu kwenye bomba moja, anamuua kabla hajafika shambani. Mwingine anamleta miche imeshalala, wakati kazi yake ni kinga, wafu hafufui.

Wauzaji nao wapunguze maneno: trikoderma hatibu kila mnyauko. Nyanya ikinyauka ghafla ingali kijani, kata kipande cha shina ukining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona utelezi mweupe kama maziwa ukishuka, huo ni mnyauko wa bakteria, na kumuuzia mkulima huyo trikoderma kama tiba ni kumlia pesa.

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ina kazi ya kudhibiti viuatilifu, na hivi vya kibiolojia vimo. Tunaitaka isiishie kwenye usajili na kusaka bidhaa bandia. Wakaguzi wachukue vifurushi kwenye rafu za maduka, wavipeleke maabara, wahesabu fangasi walio hai ndani yake na kulinganisha na idadi iliyoandikwa kwenye lebo. Kisichotimiza kiondolewe, na duka lisilo na sehemu ya ubaridi na kivuli lisiruhusiwe kuuza vifurushi hivi. Mkulima aliyetupa pesa yake mara moja kwa kifurushi kilichokufa hatarudi, hata akiletewa kizima.

Nawe mkulima, kabla hujalipa soma tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, uliza kilihifadhiwa wapi. Ukifika nyumbani kiweke penye ubaridi, kichanganye na samadi iliyooza vizuri, na ukitie kitaluni kabla ya kusia mbegu.